Bibi Jela wa Ghorofa ya Sita

Tangu Noel Pascoe arudishiwe chembe zake mwilini, mkewe Glenys hakuruhusiwa kumwacha peke yake hata aende dukani kununua maziwa. Ndiyo sheria ya tiba ile. Madaktari walimtoa chembe za kinga, wakazifundisha maabara kuitambua saratani ya tezi iliyokuwa ikimla, kisha wakazirudisha zikapigane. Shida ni kwamba zikizidisha ukali zinaweza kumgeukia mwenyewe, hadi kwenye ubongo. Kwa hiyo mgonjwa hukaa mwezi mzima jirani na hospitali, na mtu wa kumwangalia usiku na mchana.

Basi wakakaa. Watu waliozoea mashamba ya Mallee, ambako huwezi kumwona jirani mpaka uwashe gari, wakafungiwa kwenye fleti ya Melbourne yenye dirisha lisilofunguka. Glenys alilichukia dirisha lile kuliko hata ugonjwa wenyewe.

"Bibi jela," Noel alimwita kila asubuhi, "leo mfungwa anapewa nyama ya kondoo, au ni mkate ule ule?"

"Kula ulichopewa. Ukinisumbua nakuongezea kifungo."

Kilichomkosesha Noel usingizi ni ngano. Ilikuwa imekauka shambani, na mtoto wao alikuwa peke yake kwenye mashine ya kuvunia. Njia ya kurudi nyumbani ilikuwa moja tu: kumjibu vizuri Sista Sina, muuguzi Msamoa mcheshi aliyekuja kila siku kumpima akili. Mwaka gani huu? Tuko mji gani? Hii nini? Kalamu. Na hii? Saa. Haya, hesabu kutoka mia, ukipunguza kumi kumi.

Maswali hayakubadilika, na Noel si mjinga. Akayakariri. Hata bafuni alisikika akiimba, mia, tisini, themanini. Glenys alicheka, na si kucheka tu, akawa anamfanyisha mazoezi wakati wa chai. Naye alitaka kurudi kwao.

Asubuhi moja Noel alijibu yote bila kukwama.

"Mzee Pascoe, utanipokonya kazi wewe," Sista Sina akasema, akaenda zake.

Glenys akamletea chai. Noel akaipokea kwa tabasamu la adabu.

"Asante sana, sista."

Glenys akadhani ni utani. Akasubiri lile neno la jela, lakini halikuja.

"Noel, mbwa wetu anaitwa nani?"

"Melbourne," akajibu bila kusita.

Glenys akakimbilia simu. Alipoinua simu kuita hospitali, Noel akamdaka mkono. Mengi yalikuwa yamemtoka kichwani, ila simu ile aliijua.

"Usipige! Nimejibu yote. Nimejibu yote mimi!"

Alikuwa analia, mwanamume ambaye hakulia hata siku alipomzika mama yake. Glenys alijua akipiga, mume anarudi wodini na ngano inamwozea shambani. Asipopiga, angeweza kumzika. Alitamani pawepo mtu mwingine chumbani wa kuamua. Hapakuwa na mtu. Akapiga kwa mkono uliobaki huru.

Wakamrudisha wodini, wakamchoma dawa za kuzituliza zile chembe. Siku zikapita Noel hajui hata jina lake, na Glenys ameketi kando ya kitanda, mbele ya dirisha jingine lisilofunguka. Mtoto akapiga simu kusema mvua imeinyeshea ngano, na nusu imeharibika. Glenys akamwambia asimweleze baba yake.

Sista Sina alipokuja tena na kalamu yake, Glenys akamzuia.

"Hayo anayajua. Muulize kitu kingine."

Sina akafikiri kidogo, kisha akamwonyesha Glenys kwa kidole. "Haya mzee, huyu nani?"

Noel akamtazama mkewe kwa hasira ya kweli.

"Huyo? Bibi jela huyo. Ndiye aliyenirudisha ndani."

Sina akageuka, uso umemshuka. "Pole, mama. Bado amechanganyikiwa."

"Hapana, sista," Glenys akasema, machozi yakimtoka. "Hajambo kabisa huyo."