Nilivyomwonea wivu mke wangu kwa ajili ya kijiji cha Wajerumani

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu mliomo humu, shikamooni.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, siyo "rafiki yangu mmoja". Chumvi sijaongeza. Mtakaonicheka chekeni tu, nimeshazoea.

Mimi ni Mmatengo wa milimani, Mbinga. Ilikuwa miaka ya tisini, biashara imefunguliwa, wanunuzi binafsi wa kahawa wanapishana na malori yao, kila gulio lina redio mpya na mitumba. Parokia yetu ilikuwa na urafiki na kijiji kimoja huko kusini mwa Ujerumani. Jina nalihifadhi.

Mtu wa kwanza kupelekwa kukiona alikuwa jirani yangu Tomasi.

Ugonjwa wangu ulianzia hapo. Tomasi shamba lake la kahawa linapakana na langu, na darasani nilikuwa namwacha mbali. Halafu mimi naitwa Gerold! Wamisionari walinipa jina la kwao kabisa, lakini anayepanda ndege ni Tomasi. Jamani.

Akarudi na kofia yenye unyoya. Jumapili baada ya misa akasimama kutusimulia.

Kijiji chenyewe kadogo, wakuu. Watu wake wote ungewaingiza kanisani kwetu na mabenchi yangebaki. Barabara tatu, kijito, kanisa lenye saa mnarani, baa moja. Msitu ni mali ya kijiji, wakikata mti wanapanda mwingine.

Kiongozi wao wanamwita meya, lakini asubuhi anakamua ng'ombe wake mwenyewe, jioni ndiyo anasikiliza shida za watu. Zimamoto ni wanakijiji wenyewe. King'ora kikilia, seremala anaacha randa yake anakimbilia gari.

Gari la zimamoto, la kijiji! Sisi nyumba ikiungua ni ndoo na kelele.

Nilikionea wivu kile kijiji hadi nikakosa usingizi. Tomasi ndiyo usiseme. Akipita na kofia yake najifanya nafunga mbuzi ili nisimsalimie.

Mwaka uliofuata padri akatangaza: meya anakuja kututembelea, na akirudi wataalika mtu mmoja zaidi. Safari hii wanataka mkulima, akawaeleze tunavyolima kwenye miteremko bila udongo kuchukuliwa na maji.

Nikasema moyoni, hii sasa ni yangu.

Kwa wasiojua, sisi tunalima ngolo. Nyasi zinafyekwa, zinalazwa kwa mistari inayokatana, halafu udongo unachimbwa katikati na kufunika zile nyasi. Mlima mzima unabaki na vishimo, mvua inanasa humo. Kwa mila zetu mwanaume anafyeka na kulaza nyasi. Kuchimba ni kazi ya mwanamke. Hapo mpashike vizuri.

Meya akaja mwezi wa tatu. Walianza kumpeleka Mbamba Bay ziwani akala samaki wetu wa mbasa, kesho yake wakampandisha kwetu. Mzee mpana, viganja vigumu, mkulima kweli. Nikawahi kumwongoza hadi shambani kwangu, watu nyuma yetu kama maandamano.

Akauliza, padri akitafsiri: "Nani amechimba hivi?"

"Mimi," nikajibu.

Mke wangu, Mama Skola, alikuwa hatua tano nyuma yangu, mtoto mgongoni. Alinitazama, akakaza kanga ya mtoto.

Yule mzee akavua koti, akachukua jembe, akanipa na mimi la kwangu. "Nifundishe."

Wakuu, nilichimba. Udongo ukaenda kusikokuwa na nyasi, nyasi zikabaki uchi, shimo likawa kama kaburi la mbuzi. Wanawake wakapiga vigelegele vya kejeli. Tomasi alicheka hadi akakaa chini.

Padri akaniinamia sikioni. "Baba Skola, umewahi kufanya kazi hii?"

"Hapana, baba."

Mama Skola akaja akalichukua jembe mkononi mwangu. Akapiga mapigo machache tu, udongo ukalala juu ya nyasi sawasawa. Meya akapiga magoti, akapima kishimo kwa mkono wake, akachora kwenye daftari. Jina la mke wangu akaliandika kwa herufi kubwa.

Wiki kadhaa baadaye, padri akiwa likizo, katekista akanipa bahasha njiani. Imetoka Ujerumani, juu yake jina la Mama Skola. Nikaifungua. Ndani Kiswahili safi: wanamwalika yeye, ajibu kabla mwezi haujaisha ili hati za safari zishughulikiwe.

Nasema wazi, nilimwonea wivu mke wangu. Mwanamke ambaye hajafika hata Songea, leo apande ndege? Arudi na habari za saa ya mnarani, mimi nikae benchi nikimsikiliza kama nilivyomsikiliza Tomasi?

Nikaificha ile barua nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu pale sebuleni. Nilijiambia nitampa kesho. Kesho zikawa nyingi, mwezi ukaisha.

Padri aliporudi akaja nyumbani, uso umekunjamana. Wajerumani wamesubiri jibu hadi wamechoka, sasa wamemchukua mke wa Tomasi.

"Mama Skola, mbona hukujibu?"

Nikaangalia sakafu. Nikasikia mke wangu anasema, "Barua haikunifikia, baba. Labda ilipotea njiani."

Padri alipoondoka, akaiteremsha ile picha, akatoa barua, akaiweka mapajani kwangu.

"Hii picha naifuta vumbi kila Jumamosi, Baba Skola. Na jina langu najua kulisoma. Nilikuwa nasubiri unipe mwenyewe."

Akaenda jikoni kusonga ugali.

Mke wa Tomasi aliporudi, kina mama walijaa kumsikiliza. Mama Skola alikaa mbele kabisa. Alitaka kujua ng'ombe wa meya wanalishwa nini wakati wa baridi. Mimi nilikuwa dirishani, nikaondoka.

Nilichojifunza: nilidhani wivu wangu unawahusu Tomasi na Wajerumani tu. Aliyeulipia ni mtu aliyekuwa ananipikia, na akanifichia aibu yangu mbele ya padri.

Miaka imekwenda, wajukuu tunao. Siku hizi tunachimba ngolo wote wawili, watu wananicheka sijali. Lakini neno "nisamehe" halijawahi kunitoka, na yeye hajawahi kuligusia lile jambo tena.

Mliooa na mlioolewa, nipeni akili: naanzaje? Hata matusi nitayasoma. Yupo hapo uani sasa hivi anachambua maharage.