Siku Zimamoto Walipokuja Kwetu

Juzi nilikwenda mtaa wa Sakina kutafuta kipuri cha gari, nikasikia king'ora cha zimamoto. Mafundi waliinua vichwa, wakaendelea na kazi. Mimi, ndugu yangu, nilisahau hata nilichofuata.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulipanga vyumba viwili palepale Sakina, kwenye nyumba ndefu ya paa moja, ukuta kwa ukuta na fundi sofa. Baba alikuwa zimamoto. Mchana ule alikuwa zamu. Mimi na bibi, mama yake, tulikuwa uani tunapukuchua mahindi, makande yanachemka. Mara harufu ya sponji inayoungua, halafu moshi mweusi ukitoka chini ya mabati. Bibi akanivuta mkono, tukatokea barabarani na nguo za mwilini tu.

Mke wa fundi alikuwa analia, "Amerudi ndani! Amefuata cherehani!"

Gari lilipofika, wa kwanza kuruka alikuwa baba, mtungi wa hewa mgongoni. Nikapiga kelele, "Baba! Kwetu kunaungua!"

Alinitazama. "Mama, mshikilie huyo," akamwambia bibi, kisha akavaa barakoa akaingia kwa fundi pamoja na zimamoto mwenzake, wakiburuta mpira wa maji.

Mabati yakaanza kupasuka. Ghafla mpira ukalegea. Maji ya gari yalikuwa yamekwisha. Kiongozi wao akapuliza filimbi watoke. Mwenzake akatoka. Baba hakutoka. Bibi alikuwa anasali kwa Kimeru, kucha zake zikinizama begani, na majirani wakikimbiza ndoo kutoka mferejini.

Baba akatokea akitambaa, anamvuta fundi kwa ukosi wa shati. Fundi akakohoa. Baba akakaa chini. Bibi akaomba maziwa kwa jirani, akampa.

Vyumba vyetu viliteketea. Jioni, tukiwa tumehifadhiwa kwa jirani, nikamwuliza baba kwa hasira kwa nini hakuanza na kwetu.

"Wewe na bibi nilishawaona nje," akasema.

Sikumsamehe haraka. Picha pekee ya mama, aliyefariki nikiwa mchanga, iliungua siku ile, na baba hakuitaja kamwe. Alipofariki ndipo bibi akaniambia kwamba kila alipotoka zamu, kabla hata ya kunawa, alikuwa anasimama mbele ya ile picha na kusema, "Nimerudi, mama watoto."

Leo pale pana ghorofa la maduka. Na miaka yote ile nilidhani aliyepotezewa picha nilikuwa mimi peke yangu.