Moshi Niliouficha Sao Hill

Nilitoka Ilomba kwa sababu ya paa. Nyumba ya matofali ya kuchoma nilikuwa nimeisimamisha mwenyewe, mimi niliyeishia darasa la pili, na sikuwa tayari mtu mwingine aende kunichagulia magogo ya kupasua mbao. Mbao za kutumwa huja zimepinda. Nikamchukua shemeji yangu Ambakisye, kaka wa mke wangu, fundi seremala, mtu mwenye mwili mkubwa na maneno makubwa zaidi.

Uyole tulipanda basi asubuhi, baridi inauma masikio. Chimala jua likatupokea, vumbi la ng'ombe wa Usangu likaingia madirishani, shemeji akavua koti. Makambako akalivaa tena.

"Shemeji," akasema, "nchi hii inatuvua na kutuvika kama watoto."

Mafinga tulifika alasiri, ukungu umelala juu ya miti ya misindano. Mwenyeji wetu alikuwa bwana misitu wa shamba la Sao Hill, Mhehe mwembamba, jina lake Galus.

"Kamwene, Mzee."

"Kamwene."

"Kesho lori litawapeleka ndani mkachague magogo yenu. Sheria ni moja tu: hakuna moto. Hata kiko."

"Hata nikifa kwa baridi?"

"Ufe taratibu, Mzee. Miti hii ni ya taifa."

Akatuonyesha mnara mrefu wa mbao juu ya kilima, na mtu kileleni. Nikamwambia sijapata kuona mtu anayelishwa na serikali ili atazame miti ikiota. Galus akacheka tu.

Asubuhi yake lori lilitushusha mbali, likaahidi kurudi mchana. Shemeji akapanda juu ya rundo la magogo kunionyesha lipi zuri, kana kwamba mimi sina macho. Gogo likaserereka. Akaanguka nalo, mguu ukabanwa chini ya goti. Nililinyanyua kwa mti, sijui nguvu ilitoka wapi, na mguu nikauona umepinda pasipopaswa kupinda.

Mchana ukapita, lori halikuja. Baadaye nilisikia lilizama kwenye tope. Niliita mpaka koo likakauka, misindano haijibu. Shemeji akaanza kutetemeka, midomo ikawa ya kijivu, maneno yakamwisha. Hapo nikaogopa kweli. Ambakisye akinyamaza, kifo kiko jirani.

Sasa, kwetu milimani mgonjwa hawekwi mbali na moto. Hiyo si sheria ya kuandikwa, ni adabu. Nikafyeka nafasi, nikawasha. Kisha nikamkumbuka Galus. Nikawaza, miali hii ikionekana, nitatoka hapa na mgonjwa na kesi. Nikaifunika kwa majani mabichi ya misindano. Miali ikapotea, joto likabaki, nikajisifu kwa akili. Moshi ulipanda mweupe, mnene kama nguzo ya kanisa, lakini mimi nilikuwa nimeinama kwa mgonjwa. Nani atazame juu?

Haikupita muda, nikasikia gari. Vijana wa zimamoto waliruka na pampu za mgongoni, wakaja moja kwa moja pale tulipo kama watu walioalikwa.

"Nani kawasha?"

"Mimi! Mtu anakufa hapa!"

"Subiri, Mzee. Tuzime moto kwanza."

Wakazima moto, na shemeji pia. Akalowa mpaka nywele. Akafumbua jicho moja: "Shemeji, waambie mimi siungui."

Nusura nilie. Vijana wakaunga machela kwa fito na makoti yao, wakatupakia kwenye gari lao hadi barabara kuu, tukapita Ifunda, tukateremka Ipogolo, tukapanda Iringa mjini. Hospitalini daktari alisema mguu umewahi; ungelala porini ule, wangeukata.

Wakati wa kurudi nilipitia Mafinga nikiwa tayari kufungwa. Galus akasema adhabu yangu ni kupanda mnara. Nilipanda, magoti yakilalamika. Juu kuna sahani ya bati yenye namba pembeni, na kijiti cha kulengea kama bunduki.

"Mlinzi akiona moshi analenga," Galus alisema, "anasoma namba ya upande ule, anaitaja kwa simu ya upepo. Mnara wa pili nao unataja ya kwake. Ofisini tunavuta nyuzi mbili kwenye ramani, moja kutoka kila mnara. Zinapokatana, ndipo palipo na moto, na gari linaondoka papo hapo. Halingoji kuombwa."

"Kwa hiyo mlijua mtu ameumia?"

"Hapana, Mzee. Tulijua kuna mpumbavu kawasha moto."

Nikashuka ngazi taratibu.

Nilichagua magogo yangu yaliyonyooka, nikarudi nayo Ilomba, na baada ya wiki kadhaa shemeji akafuata na mguu wake. Niliyojifunza ni haya. Nyuzi zile hazikutuhurumia. Waliotuhurumia ni vijana waliovua makoti. Lakini bila nyuzi, huruma yao ingezunguka msituni hadi tukazikwa. Kwetu mleta habari mbaya huanza na kilio, kisha salamu, kisha ukoo mzima wa mgonjwa, na mahali hupataja mwisho. Siku hizi akifika kwangu namkatiza: "Wapi?" Akishataja, mimi nimeshavaa viatu. Kilio atamalizia njiani.