Beki wa Kati ni Mtoto Wangu

Watu wakisema timu yetu haina ulinzi, wanamsema binti yangu. Wanaweza kuyazungusha maneno wanavyotaka, waseme ngome inavuja, waseme safu ya nyuma imelala, waseme kocha hajui kupanga watu. Mabeki wa kati ni wawili, lakini yule mwingine ni msichana Mzungu ambaye hakuna hata mmoja wetu anayemjua mama yake, kwa hiyo lawama zote zinateremkia kwangu. Nazipokea nikiwa nimesimama, maana sikuzoea kukaa chini mtoto wangu akisemwa.

Timu yenyewe ni ya wasichana wa chuo kikuu, pale Parramatta, huku Australia. Mechi za nyumbani huchezwa Jumamosi kwenye uwanja wa kukodi upande wa Auburn, treni zikipita nyuma ya goli. Wasichana watatu ni wetu: binti yangu anayecheza beki, binti wa rafiki yangu Mrundi anayecheza winga, na binti wa mwenyekiti anayekaa benchi. Hao watatu wanatosha kuleta umati. Wakenya wa kanisani kwetu wanakuja, Warundi wanakuja na ndugu zao waliokaa nao kambini Tanzania, na kila mtu anakuja na kiti chake, chupa yake ya chai na maoni yake.

Huyo mwenyekiti si mwenyekiti wa timu. Ni mwenyekiti wetu sisi, wa kila kitu. Wakenya wakikutana watatu ughaibuni wanaunda kamati, na kamati ikiundwa ni yeye anayechaguliwa, kwa sababu ana sauti nzito na hafungi vikao kwa kuchelewa.

Wazazi wa Kizungu hushangilia kwa adabu. Timu ikifungwa wanapiga makofi mawili matatu na kuwaambia watoto wamejitahidi. Sisi hatukulelewa hivyo. Sisi tunacheza pamoja na timu, kutoka kwenye viti, kwa Kiswahili, ili wapinzani wasituelewe. Mwenyekiti, ambaye siku za kazi ni mhasibu wa ofisi moja tulivu sana, akifika uwanjani anageuka kocha. "Panda! Panda juu!" anapiga kelele. Rafiki yangu Mrundi, ambaye tunafanya naye kazi ya kutunza wazee, ana sauti inayofika hadi stesheni. "Mwanangu, rudi! Rudi nyuma, jamani, unakimbilia wapi?" Na mimi sitasema nilikuwa kimya. Mtoto ni wangu na koo ni langu.

Msimu huu tulichapwa. Tulichapwa nyumbani, tukachapwa ugenini, tukachapwa na timu ambayo kipa wake alikuwa akimenya ndizi wakati sisi tunashambuliwa upande wa pili. Kila bao lilikuja vilevile: mpira mrefu wa katikati, binti yangu yuko nusu njia, hayuko mbele hayuko nyuma, na mshambuliaji anampita pembeni bila hata kutoka jasho. Baada ya mechi nilikuwa naendesha gari nimekunja uso, na yeye ameegemeza kichwa kwenye dirisha. Nilipomuuliza kulikoni, alinijibu kama wanavyojibu watoto wa hapa, Kiswahili kikiingia na Kiingereza kikitoka.

"I don't know, Mum. I just freeze."

Iliniuma. Mtoto huyu anaupenda mpira kuliko chakula. Tangu alipoingia chuo alikuwa akiipigania nafasi ile, akikimbia asubuhi kabla ya masomo, akiweka barafu kwenye vifundo vya miguu mbele ya televisheni. Hakutaka kuwa mfungaji wala kupigwa picha. Alitaka kukaa nyuma na kuzuia, na mtu akiuliza anacheza wapi anasema "defence" kama anayetaja ukoo wake. Sasa nafasi hiyo ilikuwa inamponyoka, na waliokuwa wakimnyang'anya ni watu waliombeba alipokuwa mchanga.

Maana mashabiki walikuwa wamechoka. Kundi letu la WhatsApp lilianzishwa kwa ajili ya kupanga usafiri, lakini baada ya kipigo cha mwisho halikuwa na usafiri ndani yake. Lilikuwa na ngome, ngome, ngome. Mwishowe mwenyekiti akaandika kwamba wakati wa kutuma wajumbe umefika.

Sisi tukiwa na jambo zito hatutumi barua pepe. Tunatuma wajumbe: watu wazima wachache, wamevaa vizuri, wamebeba kitu mkononi, na mmoja amechaguliwa kuwa msemaji. Hivyo ndivyo tunavyoenda kuposa, hivyo ndivyo tunavyoenda kuomba msamaha, na hivyo ndivyo ilivyoamuliwa twende kwa kocha, kijana wa Kiaustralia anayefundisha bila malipo, kumwomba amtoe binti yangu kwenye ulinzi. Kikao cha kuchagua wajumbe kilipangwa Jumapili baada ya ibada. Vikao vyetu huzunguka nyumba kwa nyumba, na zamu ilikuwa yangu.

Rafiki yangu Mrundi alinipigia simu. "Dada yangu, sema tu unaumwa. Tutakaa kwangu."

Nikamwambia siumwi. Zamu ni zamu. Wakitaka kumchinja mtoto wangu, watamchinjia mezani kwangu, wakinitazama usoni.

Basi nikapika. Chapati, ndengu, kuku, chai ya tangawizi. Nilipika kwa hasira na chakula kikatoka kitamu kuliko siku zote, jambo lililozidi kunikasirisha. Mume wangu alikuwa kazini. Anaendesha lori hata wikendi. Binti yangu alikuwa chumbani mwake akisoma, mlango umerudishwa.

Walikula kwanza, wakasifu kuku, kisha mwenyekiti akafuta mikono na kuomba tufungue kikao kwa sala. Tulimwomba Mungu atuongoze, na mwenyekiti hakumngoja.

"Mama, tunaongea kwa upendo," alisema, akinitazama kidogo kisha akatazama sufuria. "Hakuna mtu ako na shida na msichana. Huyo ni mtoto wetu sote. Lakini hiyo defence, wacha tuseme ukweli, imeoza. Tunataka tu coach ampumzishe. Kuna wasichana wengine wako kwa bench."

"Wengine?" nikamuuliza. "Ama wako?"

Watu wakaangalia sahani zao. Mwenyekiti akasema hilo si jambo la mtu na mtoto wake, ni jambo la timu. Nikamwambia jambo la timu lina mama yake, na mama yake ndiye aliyepika kuku anayemsifu. Nikaongeza kwamba kama wanataka kwenda kwa kocha waende, njia wanaijua, lakini wasitegemee kubeba chapati zangu.

"Tusigombane," akasema rafiki yangu Mrundi. "Watoto yetu wanatusikia."

"Wasikie nini?" mwenyekiti akacheka. "Hawa watoto Kiswahili hawashiki. Wangu hata salamu ni taabu."

Mlango wa chumba ukafunguka. Binti yangu akatoka na soksi miguuni, akampa kila mtu mkono akianza na wakubwa, kama nilivyomfundisha, kisha akasimama kando ya friji.

"Mimi nasikia," alisema. "Nasikia kila kitu. Hata kwa field."

Kiswahili chake kilikuwa kinachechemea, lakini kilikuwa kinaenda.

"Uncle, wewe unasema panda. Auntie anasema rudi. Mum anasema toa mpira. Wale wasichana wengine hawajui mnasema nini, so they just play. Mimi najua. Uncle akisema panda, napanda, because ni uncle. Nikifika katikati Auntie anasema rudi, so narudi. And then it's a goal."

Mtu mmoja akacheka, akaacha alipoona ameachwa peke yake.

"Sasa kwa nini unatusikiza sisi?" mwenyekiti akauliza. "Si kuna coach?"

"Coach anasema nikae kwa line. Lakini coach namuita kwa jina. Nyinyi ni wakubwa." Akanigeukia. "Mum, ulisema mkubwa akiongea nafanya. First time. Siyo mpaka arudie."

Ni kweli nilisema. Nilisema tangu akiwa mdogo, katika mji huu ambako watoto huwaita walimu kwa majina na kuwageuzia wazazi mgongo madukani, na siombi msamaha kwa mtu yeyote. Nilitaka mtoto mwenye heshima, nikampata. Watu wazima waliokuwa wamekaa mezani pangu walimtaka hivyohivyo, wakamsifu kila Krismasi, na sasa walikuwa wamekuja kumwadhibu kwa sababu amewatii.

Nikasimama. Nilitaka wasikie wote.

"Jumamosi usimsikilize mtu yeyote aliyekaa kwenye kiti," nikamwambia. "Usimsikilize uncle. Usimsikilize auntie. Na mimi usinisikilize. Nimekuruhusu."

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Mwenyekiti alisimama pia. "Mama, unamwambia mtoto asisikize wazazi? Kwa hii nchi? Leo ni mpira. Kesho ni nini?"

Lilikuwa swali la haki, na nililijibu vibaya, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuwa mwenyeji mwema. Nilimwambia kesho ni Jumatatu.

Aliyetuokoa ni rafiki yangu Mrundi. Alisema tusubiri mechi moja tu. Ngome ikivuja tena vilevile, wajumbe wataenda kwa kocha Jumanne, na binti yangu atakaa benchi bila mtu kununa. Nikakubali. Nikazidi: nikasema wakienda, chapati za kubeba nitazipika mwenyewe. Binti yangu alinitazama kwa hofu, lakini nilikuwa nimeshasema, na mimi maneno yangu sirudishi.

Jumamosi tulikuwa ugenini, upande wa Cabramatta. Watu walikuwa wameahidi kunyamaza. Ahadi ilidumu mpaka refa alipopuliza filimbi.

Sitawadanganya: tulifungwa. Bao moja, la kona, kipa wetu aliuona mpira ukiwa umeshapita. Lakini mpira mrefu wa katikati, ule uliokuwa ukitumaliza msimu mzima, haukuzaa kitu. Binti yangu alikaa mahali pake. Mwenyekiti aliita panda hadi mishipa ikamtoka shingoni, naye hakupanda. Nilimwona jinsi mabega yalivyokuwa yakishtuka kila sauti ilipopaa, mwili unataka kutii na miguu inakataa. Kumkatalia mtu mzima kulimuuma kuliko kuchezewa rafu, na alifanya hivyo tena na tena, mbele ya watu anaowapenda. Jumanne hakuna mjumbe aliyeenda kwa kocha, na chapati zile mpaka leo sijazipika.

Ila kuna dakika moja ya mechi ile ambayo watu wa kanisani bado wananisema nayo, na afadhali waisikie kutoka kwangu.

Ilikuwa kipindi cha pili. Mshambuliaji wao, msichana mrefu mwenye mbio, alianza kumzunguka binti yangu kwa nyuma, na mwenzake mwenye mpira akainua kichwa kumtafuta. Nikaona bao. Nikaona benchi, nikaona wajumbe wamevaa suti. Mimi huyuhuyu niliyemruhusu asinisikilize niliruka, kiti kikaanguka, nikapiga kelele kwa nguvu zote Mungu alizonipa: "Rudi! Rudi nyuma! Yuko nyuma yako!"

Hakurudi. Aligeuza uso kunielekea, katikati ya mchezo, akanyoosha mkono, akapaza sauti kwa Kiswahili safi ambacho sikuwahi kumsikia nacho.

"Mama, nyamaza!"

Kisha akapiga hatua mbele, akimwashiria beki mwenzake naye asogee. Mpira ulipopigwa, yule mshambuliaji alikuwa amebaki nyuma yao peke yake. Kibendera kikainuka: ameotea. Kama binti yangu angenitii, msichana yule asingeotea, na lingekuwa bao.

Upande wetu hakuna aliyekitazama kibendera. Wote walikuwa wakinitazama mimi. Mtoto kumwambia mama yake anyamaze, hadharani, mbele ya watu wa kanisa lake! Kule nilikozaliwa tungehama mtaa. Uso uliniwaka. Na chini ya aibu hiyo kulikuwa na furaha, nyingi mno. Nikakiokota kiti changu, nikakaa.

Mwenyekiti alivuta kiti chake karibu na changu. Alikuwa na huruma ya kweli usoni, nadhani alitaka kunifariji.

"Mama," alisema taratibu, "umesikia vile mtoto amekuambia?"

"Nimesikia," nikamjibu. "Na wewe pia nyamaza. Beki wetu yuko kazini."