Kipimo kimesema mimi na mama ni sawa, ila bado namshuku

Admin, jina langu lifiche vizuri na kijiji usikitaje, kwa sababu upande wetu wa kambi, Juru, tunajuana hadi kwa kikohozi. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, Mkongomani wa Kivu Kusini. Nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na sasa ninafanya kazi Mbarara. Mama yuko Juru na wadogo zangu wawili, analima maharagwe. Nisomeni hadi mwisho kabla ya kunitukana.

Kazi yangu ni kuandika programu katika maabara inayosoma vinasaba, yaani DNA. Mashine ikisoma sampuli haitoi zile herufi nne za DNA moja kwa moja. Inatoa mistari ya rangi nne yenye vilima, na kila kilima ni herufi. Mimi ninaandika kile kipande kinachokaa katikati: programu za wenzangu zinakiomba, nacho kinafungua faili la mashine na kuzipa herufi, urefu wa vilima, na kiasi gani kila herufi ni ya kuaminika. Ni kazi ya kutoamini, na nadhani imeniharibu tabia.

Kwetu maabara, programu mpya hujaribiwa kwa watu ambao jibu lao linajulikana tayari. Kuna sehemu ya DNA ambayo mtu huipata kwa mama peke yake, hivyo mama na mtoto wanapaswa kutoka sawa. Nikaona sina haja ya kutafuta mbali. Nilikwenda nyumbani, nikamweleza mama, akakubali, nikampitishia pamba ndani ya shavu. Akacheka, akaniuliza kama siku hizi malaria inatafutwa mdomoni.

Ijumaa nikaendesha programu. Herufi zangu na zake zilifuatana vizuri, halafu zikaanza kuachana, moja hapa, nyingine pale. Mama na mtoto hawaachani hivyo. Kesho yake nikapanda taksi hadi mji mdogo wa Kaberebere, nikachukua boda mpaka nyumbani, sikumwambia mtu.

Nilimkuta mama anapepeta maharagwe. Nilikuwa nimepanga kuuliza kwa upole, nikashindwa. Nikasema, "Mama, kile kipimo kinakatala kama ni weye ulinizala."

Nilitegemea anicheke au anitukane, maana mama yangu ana mdomo. Ungo ulisimama mikononi mwake, akaniuliza polepole, "Nani alikuambia?"

Hakusema "unasema nini," wala "umerogwa." Nani alikuambia. Mtu huuliza hivyo juu ya jambo ambalo lipo. Nikamjibu kwamba ni mashine. Akasema, "Mashini haikukuwa kule mu njia. Weye uko mutoto wangu, basi." Akaendelea kupepeta.

Jumatatu nilimwonyesha mwenzangu wa maabara, binti wa mwanajeshi; alikulia kambi ya jeshi, ambako Kiswahili huongewa, ndiyo maana anakisikia. Alifungua picha ya vilima, ambayo mimi kwa haraka zangu sikuitazama. Nilitazama herufi tu. "Nyabo, wewe hujakata mkia," akaniambia (nyabo kwao ni bibie). "Ona hapa mwisho, hii yote ni takataka tu." Mwishoni mwa kila faili vilima hulegea na kupandana, na herufi zinakuwa za kubahatisha, kwa hiyo lazima ukate kabla ya kulinganisha. Sehemu ya kukata niliiandika mimi mwenyewe, na nilisahau kuiwasha. Tulipokata, mimi na mama tukatoka sawa, herufi kwa herufi.

Nilifurahi, lakini furaha yenyewe haikufika jioni. Kipimo hiki kinafuata upande wa mama tu. Mama na mdogo wake wa kike wa tumbo moja wanabeba kitu kilekile, na watoto wao pia. Mama alikuwa na mdogo wake, Furaha, ambaye tuliambiwa alifia njiani tulipokimbia vita. Jirani yetu mama Riziki amezoea kuniambia, "Unafanana na Furaha mupaka ninaogopa," na kila mara mama hubadilisha maneno, anauliza habari za mvua. Zamani nilidhani ni huzuni. Sasa nashuku kila kitu, hata kwamba ni Furaha aliyenizaa. Wadogo zangu wana picha za utoto, mimi sina. Najua wao walizaliwa hapa kambini na mimi kule, lakini shaka ikishaingia haisikii maelezo.

Kwetu mtoto wa mdogo wako ni mtoto wako, na hakuna anayeuliza alitoka tumbo gani. Kwa hiyo hata kama ndivyo ilivyo, kwa mila zetu mama hajadanganya. Shida ni ofisi ya wakimbizi. Tumeitwa kwenye mahojiano ya kuhamishiwa nchi nyingine, na mama ameniandikisha mtoto wa kuzaa. Wakishuku wataomba DNA, na kipimo chao si kama changu, kinamtenganisha mama na mama mdogo. Kikikataa wataona mama ni mwongo, na wadogo zangu watakosa safari kwa ajili yangu. Akisema mapema kwamba alinilea, huenda wakaelewa. Lakini atawaambiaje wao, na mimi mwenyewe hajaniambia?

Juzi alinipigia simu. "Ile mashini ilisema nini mwisho?" Nikamwambia nilikosea, tumetoka sawa. Nikamsikia anavuta pumzi. Kisha akasema, "Asante Yesu. Basi usipime tena, mama."

Mzazi mwenye uhakika angesema hivyo? Tangu siku ile nakula bila hamu. Nampenda mama yangu, na naogopa kwamba nikimbana aseme, nitakuwa nimemwambia kwamba ulezi wake wote haukunitosha. Nikinyamaza, tutaingia mle ofisini sote tukibahatisha.

Msiniambie niombe, ninaomba tayari. Ninyi ambao hamjawahi kujiuliza mama yenu ni nani, nishaurini: nimbane aseme kabla ya mahojiano, au nimwache abaki kuwa mama yangu? Nifanye nini?