Wacha Nifute Kumbukumbu

Jamaa mmoja wa kanisani kwetu ni programa. Jumapili moja baada ya ibada aliniletea laptopu yake nyumbani, ameibeba kwa mikono miwili kama bakuli la supu ya moto.

"Haiwaki. Inalia tu, pi pi pi."

Ndani yake mlikuwa na sauti ya marehemu mama yake, aliyoirekodi wakati mama bado yu hai. Nakala nyingine hakuwa nayo. Nikaanza kumshuku. Programa gani huyu?

Mimi niliacha shule kidato cha pili, nikazurura kazi hii na ile, na sasa nafungua kompyuta mbovu kwenye ghala moja huku ughaibuni, Downsview. Nilimuuliza kama amewahi kuifungua yake.

"Mimi ni wa juu, wa programu, bro. Huko chini kwenye vyuma ni kwenu."

Naye hakuniamini. Kila skrubu niliyotoa aliihesabu, midomo ikimcheza. Baridi ya hapa hukausha hewa mpaka zulia linakupiga shoti, kwa hiyo niligusa kwanza bomba la sinki ili umeme wa mwilini uishe.

"Sasa unaliombea bomba?"

Nikachomoa kibao chembamba, nikachukua raba ya penseli. "Wacha nifute kumbukumbu."

Akanidaka mkono. "Ufute nini? Nilijua! Nani amekutuma?"

Fundi Mtanzania aliyenifundisha kazi hakuita kibao hicho jina lingine ila kumbukumbu, nami nikazoea. Nilimweleza kwamba kinashika mambo kompyuta ikiwa imewaka tu. Sauti ya mama iko kwenye diski, na diski sijaigusa. Nikamwonyesha vijino vya rangi ya dhahabu vilivyoshika uchafu, ndio wa kufutwa kwa raba.

Akakisogeza kibao karibu na macho. "Hii ndiyo RAM?"

Neno analolitaja kazini kila siku.

"Futa mwenyewe, injinia."

Aligusa bomba bila kuambiwa, kisha akasugua taratibu. Tukakirudisha. Mashine ikawaka bila kulia. Alifungua faili, akanitupia jicho, akabonyeza.

"Umekula, baba?" mama akauliza.

Akaizima sauti hapohapo. Hakutaka niisikie zaidi. Nilimpa flashi, akaipindua huku na huku kama noti ya kutilia shaka, ndipo akaanza kutoa nakala. Huku akingoja alihesabu skrubu upya.

"Moja haipo, fundi."

Ilikuwa imenasa kwenye mkono wa sweta yake mwenyewe.

"Nakala ikiisha," nilimwambia, "toa nyingine."

Akatoa tatu.