Goti Langu Zima

Goti langu halina kitu. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu kwa muda mrefu nusu ya wanawake wa Kizanzibari wa Maskati waliliombea dua, na mimi nikiitikia amin.

Kila Alkhamisi baada ya Alasiri, sisi tuliokuja kutoka Unguja tukiwa wasichana hukutana kwa mmoja wetu, kwa zamu. Wengi tumestaafu. Mmoja alikuwa benki Ruwi, mwengine mwalimu, mimi nilikuwa wizarani nikiogopwa na makarani. Tunakula, tunatetana kidogo, tunakunywa kahawa, na kabla ya Magharibi kila mtu anakwenda zake. Mwenye sauti kubwa katika kikao hicho nilikuwa mimi. Aliyetaka kujua nani kaposwa na nani kaachwa alinipigia mimi simu.

Mume wangu alipofariki walinijaa. Muda wote wa eda hawakubanduka kwangu. Viatu vyao vilifika mpaka kwenye lifti. Eda ilipokwisha nikakoga, nikavaa nguo mpya, nikafukizwa udi, wakanikumbatia, wakarudi makwao. Kwao yalikuwa yamekwisha. Kwangu ndiyo kwanza yalianza. Asubuhi nikawa sioni sababu ya kutia miguu chini. Alkhamisi ya kwanza nilishika abaya mkononi, nikakaa nayo kitandani mpaka nikasikia adhana ya Magharibi. Simu ilipolia kuuliza mbona sikuenda, nikasema goti.

Ningesema nini? Kwamba mtu mzima, hajja, mwenye pensheni, watoto wake salama, fleti yake mwenyewe Khuwair ya Kusini, anasimama mbele ya friji iliyo wazi na kulia? Wangeniambia nizidishe Qur'an, na Qur'an nilikuwa nasoma. Niliona aibu mbele yao na mbele ya Mola wangu, kana kwamba nimezikataa neema zake. Goti lina heshima yake. Kila mtu wa umri wetu ana goti.

Mlango unaotazamana na wangu wanakaa Wachina: mhandisi, mkewe, mtoto wao mdogo, na mama yake mhandisi, bibi wa rika langu, mfupi, nywele kazikata kama za mwanafunzi. Siku moja yule mke wa mhandisi alinigongea. Alivua viatu bila ya kuambiwa, akazungumza nami Kiingereza kwa adabu nyingi. Mama mkwe wake aliletwa kulea mjukuu, na mjukuu sasa anakwenda skuli. Kwao, kila jioni alikuwa akicheza ngoma uwanjani na wanawake wenzake, wamejipanga safu kwa safu, muziki juu. Hapa hana mtu. Hapati usingizi, chakula anakigusa tu, anashinda jikoni akiutazama ukuta. Daktari amesema ana sonona, na dawa zake ziende pamoja na kukaa na watu.

Kisha akasema neno lililonichoma. Alikuwa ameviona vile viatu vyote mlangoni pangu.

"Wewe una watu," akasema. "Labda mama angeweza kukaa nawe kidogo."

Nikasema karibu. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba anampeleka mgonjwa kwa mgonjwa. Tena niliona wivu, nikiri: mwenzangu ana ugonjwa wenye jina na daktari, mimi nina goti la uongo.

Alikuja siku ya pili, kashika mfuko wa machungwa kwa mikono miwili. Hatukuwa na neno hata moja la pamoja. Nikamwekea halua, nikachukua dele la kahawa. Kahawa yetu hapa ina sheria yake: mwenyeji anatia kidogo kwenye finjani, mgeni anakunywa, na mwenyeji anaendelea kutia mpaka mgeni aitikise finjani mkononi, kushoto na kulia. Maana yake basi, ahsante. Asiyetikisa anataka nyengine.

Bibi hakutikisa. Alikunywa, akaninyooshea finjani tupu kwa mikono miwili, na mkono wake umetulia. Nikatia. Akainamisha kichwa, akanywa, akaninyooshea tena. Nikaona jasho linamchuruzika kipajini, nikadhani kwao wanaipenda sana kahawa. Tulikwenda hivyo mpaka dele likaisha. Alipoondoka ndipo nilipokumbuka kwamba jioni hiyo sikulia.

Akanialika na yeye. Alinipa bilauri ndefu, majani ya chai yanaelea ndani ya maji ya moto. Kwa adabu nikaimaliza, kisha nikaitikisa. Akaijaza. Nikanywa, nikaitikisa kwa nguvu zaidi, na yeye akanitazama kwa huruma, akaenda kuchemsha maji mengine. Nilikunywa mpaka nikawa naona haya kuuliza choo kiko wapi. Mkwe wake aliporudi kutoka kazini akatukuta hivyo, nikamweleza, naye akamfasiria. Kumbe kwao bilauri tupu lazima ijazwe; asiyetaka zaidi huiacha imejaa. Bibi akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakamtikisika. Tukacheka wote watatu. Nilirudi kwangu nikajiona mtovu wa haya kwa kucheka vile, na mume wangu yuko kaburini.

Lakini nikaenda tena. Nje kulikuwa hakutokeki kwa joto, basi kila jioni alitoa redio yake ndogo akaiweka kwenye ukumbi baina ya milango yetu miwili, akanifundisha zile ngoma zao. Alinishika mikono yote miwili, akanivuta nisimame, kisha mguu mbele, mguu nyuma, mikono juu. Nilivaa dira langu la nyumbani na mtandio nimejifunga kiunoni. Lifti ikisimama kwenye ghorofa yetu, nilikimbilia ndani na kufunga mlango. Mji mzima ulikuwa unajua kwamba siwezi kutembea, na mimi nainua miguu kwenye ukumbi.

Wanawake wangu wakaamua kwamba kama mimi siendi kikaoni, kikao kitakuja kwangu, kumtazama mgonjwa. Walinipigia simu Alkhamisi mchana wakiwa wameshakubaliana. Binti yangu alikuja mapema kutoka Sib na bendeji mpya. Akapiga magoti sakafuni, akanifunga goti mwenyewe, taratibu, akiniuliza kila mzunguko kama inabana. Nikasema haibani. Sikuweza kumtazama usoni.

Walikuja na mafuta ya kuchua, mkongojo, na mkate wa mofa. Mimi nimelazwa kwenye kochi, mguu juu ya mito. Mkubwa wetu kwa umri, ambaye kila siku ndiye wa kwanza kuondoka kwa sababu dereva anamngoja chini, alishika kichwa changu akanisomea. Kila mtu akatoa habari za goti lake. Nikaitikia, nikakunja uso pale palipohitaji kukunjwa. Sijapata kujiona mdogo kama nilivyojiona kwenye kochi lile, nikihurumiwa kwa ukweli wote juu ya kitu ambacho hakipo.

Saa ile ile ya kila siku, bibi akagonga. Binti yangu akamfungulia na kumkaribisha. Akaniona nimelala, mguu umefungwa, wanawake wamenizunguka, akashtuka kabisa. Alikuja mbio, akachutama, akaifungua bendeji. Akalibonyeza goti kwa vidole, akalikunja, akalinyoosha. Akanitazama, hakufahamu. Kisha akafanya alilokuwa akilifanya kila jioni: akanishika mikono yote miwili, akanivuta.

Nami nikasimama. Sikufikiri. Mwili ulishazoea mikono ile. Nilisimama wima kwa miguu miwili, bila ya mkongojo, mguu mmoja tayari umeshatangulia mbele.

Bibi akaniachia mikono, akatazama nyuso zile, akajua kwamba ameharibu kitu. Nilimwashiria akae, kwa sababu kosa halikuwa lake.

"Mwenzangu," mkubwa wetu akasema, "goti lako zima."

"Zima. Halijapata kuniuma hata siku moja."

"Basi una nini?"

Nilitamani sakafu ifunguke. Binti yangu alikuwa kasimama mlangoni. Nikasema huku nimetazama zulia.

"Nna huzuni. Tangu nlipotoka eda. Nikivaa abaya nashindwa kutoka, nalia. Nliona haya kukwambieni."

Nilingoja niambiwe nimche Mungu. Binti yangu aliokota bendeji sakafuni, akaanza kuikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Uso uliniwaka mpaka masikioni. Mikono yangu ikataka kazi, basi nikachukua dele na finjani, nikaanza kwa mkubwa wetu kama inavyopasa.

Alikunywa. Tangu nimjue, yeye hunywa moja tu, akaitikisa, akasimama. Nilisimama mbele yake nikiutazama mkono wake, nikingoja. Nilikuwa nimeshajitayarisha kumsindikiza mpaka kwenye lifti, na baada yake wote.

Mkono ulitulia. Akaninyooshea finjani.

"Tia," akasema. "Na mtu amwambie yule dereva aende zake."

Nikatia. Kahawa ikamdondokea kwenye abaya, hakuifuta. Bibi wa Kichina, ambaye siku hizo alikuwa ameshajifunza kutikisa, aliutazama mkono wa mkubwa wetu, kisha akanyoosha finjani yake nayo imetulia. Wengine wakafuata. Dele likaisha kabla sijamaliza kuwazungukia, na binti yangu, bendeji bado iko begani mwake, akaingia jikoni kupika kahawa nyengine.